Karatasi za Tribinali: Namna ya Kuzitafuta na Kuziomba



Kila mkristu wa parokia zetu anajua namna ya kutafuta karatasi yake ya ubatizo. Siku anapotaka kufunga ndoa, padri anamuuliza: Ulibatizwa misioni gani? Mwaka gani? Jina lako liliandikwa namna gani? Akijibu vema, karani anafungua kitabu, anapitisha kidole juu ya mistari, anafika kwa namba yake, na kazi imekwisha. Lakini akijibu tu, "Nilibatizwa zamani, wakati wa padri yule mwenye ndevu," basi atarudi nyumbani mikono mitupu, hata kama ubatizo wake ni wa kweli kabisa.

Karatasi za tribinali ni vilevile. Nazo zinakaa katika vitabu, nazo zina namba, na mwenye kujua namba anafika. Ila huku watu wetu wanashikwa na woga. Wanafikiri kwamba dosie ya mtu aliyeshitakiwa ni siri ya serkali, ao ni mali ya karani, ao ni kitu cha kununua nje ya ukuta. Kwa hiyo wanazunguka ukuta huo miezi na miezi, wakimpa feza kila mtu mwenye koti na karatasi chini ya kwapa.

Mimi ni mwalimu wa dini. Nilisoma seminarini miaka kadhaa mbele ya kuoa, na kule nilipata Kifaransa cha kutosha kusoma karatasi ngumu. Tangu miaka saba ninafika kila juma katika gereza la mji wetu pamoja na kikundi cha wakristu. Tunapeleka unga, mafuta na sabuni, tunasali na wafungwa. Sikuomba kazi ya kufuata dosie. Kazi hii ilinifuata yenyewe, kwa sababu wafungwa hawaombi unga tu. Mara nyingi neno lao la kwanza ni hili: "Mwalimu, dosie yangu iko wapi?" Ninataka kuwaandikia namna tunavyotafuta jibu, maana hakuna nyumba isiyoweza kupatwa na siku hiyo.

Kwanza inafaa kujua mlango. Katika inchi nyingine sheria inagawanya makosa kwa majina: kuna jina la makosa makubwa, kuna jina la makosa madogo, na kila jina lina tribinali yake. Ufaransa wanafanya hivyo, Marekani vilevile. Kwetu Kongo sheria haina majina hayo. Kosa ni kosa. Kinachogawanya kazi ya tribinali ni urefu wa kifungo kilichowekwa na sheria. Sheria ya tarehe 11 Aprili 2013, ile inayopanga tribinali zetu, inasema kwamba kosa ambalo kifungo chake hakipiti miaka 5 linahukumiwa na tribinali ya amani. Likipita miaka 5, ao likiwa na azabu ya kifo, linakwenda kwa tribinali kubwa, ile watu wanayoiita TGI. Kwa hiyo mtu anayetafuta karatasi za kosa kubwa, kama mauaji, kunajisi mwanamke ao wizi wa silaha, asipoteze asubuhi yake kwa tribinali ya amani. Aende TGI.

Lakini mpaka huo hauonekani kwa macho sikuzote. Tuchukue mbuzi. Mtu akimwiba mchana, machungani, bila kupiga mtu wala kumtisha, kifungo chake hakiwezi kupita miaka 5. Hiyo ni kazi ya tribinali ya amani. Akimwiba mbuzi yule yule usiku, ndani ya nyumba wanamokaa watu ao katika kibanda cha lupango lao, kifungo kinaweza kufika miaka 10, na dosie inakwenda TGI. Akimpiga mwenye mbuzi ili amchukue, ni toka miaka 5 mpaka 20. Nimekwisha kuona familia iliyofika kwa tribinali ya amani mara nne, na kila mara karani akafungua kitabu chake na kusema kwa haki kabisa, "Mtu huyu hayumo." Hayumo kweli. Walisema "wizi wa mbuzi" tu, na hakuna mtu aliyewauliza kama ulikuwa usiku ao mchana.

Tena kuna milango miwili ya pembeni. Askari wa jeshi na wa polisi wanahukumiwa na tribinali za kijeshi, na karatasi zao zinakaa huko. Na mtoto ambaye hajatimiza miaka 18 ana tribinali yake ya watoto, kwa sheria ya tarehe 10 Januari 2009. Mama akija kwangu na kusema mtoto wake amekamatwa, ninauliza umri mbele ya kuuliza kosa.

Sasa namba. Dosie moja inabadilisha namba kila inapobadilisha nyumba, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Polisi anaandika maneno ya mtu katika karatasi wanayoiita PV. Karatasi hiyo ikifika parke, kwa prokureri, inapewa namba ya RMP. Prokureri akiipeleka mbele ya waamuzi, karani wa tribinali, ndiye grefie, anaipa namba mpya, RP. Mtu akikata rufaa, inapanda kwa tribinali ya juu yake na kupata namba ya RPA. Mtu ni yule yule na kosa ni lile lile, lakini namba zimekwisha kuwa tatu. Ukienda kwa grefe ya tribinali na namba ya RMP peke yake, grefie mwenye moyo mwema atakutafutia. Mwingine atakuambia urudi kesho. Ukienda na namba ya RP, kazi ni ya dakika kumi.

Mtu ataipata wapi namba ya kwanza? Kwa gereza lenyewe. Hakuna mtu anayeingizwa gerezani bila karatasi. Mwandishi wa gereza ana kitabu, na ndani ya kitabu mna jina, siku ya kuingia, ofisi iliyomleta, na mara nyingi namba ya RMP. Ndiyo maana sisi hatuanzi kamwe kwa parke. Tunaanza kwa mlango wa gereza, kwa adabu, na kalamu mkononi.

Inafaa vilevile kujua siku ambazo sheria inatoa, maana hizo zinakuonyesha dosie ingepaswa kuwa wapi leo. Katiba ya mwaka 2006 inasema polisi hawezi kumshika mtu zaidi ya saa 48. Zikipita, amwachilie ao ampeleke mbele ya wenye mamlaka ya kuhukumu. Prokureri akimfunga kwa karatasi yake, ana siku 5 za kumfikisha mbele ya mwamuzi, pamoja na siku za safari kama mwamuzi yuko mbali. Mwamuzi akikubali abaki kifungoni, ruhusa yake ni ya siku 15. Kisha inaweza kuongezwa mwezi kwa mwezi, na kila mara lazima karatasi mpya. Basi mtu aliyefungwa mwaka mzima bila kuhukumiwa angepaswa kuwa na rundo la karatasi hizo katika dosie yake. Avoka akifungua dosie na kukuta karatasi ya mwisho ilikwisha nguvu miezi mingi iliyopita, hapo amepata neno la kusema mbele ya mwamuzi. Asipofungua dosie, hana neno.

Je, kila mtu anaruhusiwa kutazama dosie? Hapana, na tusidanganyane. Wakati polisi na parke wanachunguza, mambo ni ya siri, na ni vema hivyo: mshitaki anaweza kuogopeshwa, na mtu asiye na kosa anaweza kuharibiwa jina. Lakini kesi ikifika mbele ya waamuzi, mlango unafunguka. Katiba inasema tribinali zinahukumu mbele ya watu wote, ila waamuzi wakiona hatari kwa amani ao kwa adabu njema. Inasema tena, katika kifungu cha 21, kwamba kila hukumu inaandikwa, inatoa sababu zake, na inasomwa mbele ya watu. Mshitakiwa, mtu aliyekosewa aliyeingia katika kesi, na avoka wao wanaweza kusoma dosie kwa grefe na kuomba nakala. Familia inapita kwa jina la mwenyewe. Afazali iende na barua iliyotiwa sahihi na mfungwa, kama hajui kuandika alama ya kidole chake, inayosema: namtuma ndugu yangu huyu kuomba nakala ya hukumu yangu.

Nitawapa mfano mmoja, bila jina la mtu wala la mji.

Siku moja ya mwezi wa kumi na moja mama mmoja alinijia nyumbani, na mfuko wa plastiki mkononi. Ndani ya mfuko mlikuwa vipande vya karatasi tisa: resi zisizo na muhuri, namba za simu, jina la mtu mmoja "anayefanya kazi na prokureri". Mtoto wake, kijana wa miaka 23, alikamatwa mwezi wa tatu wa mwaka uliotangulia kwa wizi wa cherehani, usiku, katika nyumba ya jirani. Miezi ishirini imepita. Katika vile vipande tisa vyote hakuna namba hata moja.

Nikamuuliza, "Mama, amekwisha kuhukumiwa?"

Akasema, "Mwalimu, yeye mwenyewe anasema ndiyo. Anasema walimpa miaka kumi na miwili. Tangu siku ile hali vizuri, wala hataki tumtembelee."

Neno hilo lilinishangaza. Wizi wa usiku katika nyumba ya watu, bila kumpiga mtu, hauwezi kupita miaka 10. Kumi na miwili inatoka wapi? Tukaenda gerezani. Katika kitabu cha gereza kijana ameandikwa bado kama mtu anayengoja hukumu, na namba ya RMP ipo. Tukaenda parke; kule wakatuambia dosie ilikwisha kupelekwa TGI zamani. Kwa grefe ya TGI wakatafuta jina: halimo. Mama akaketi chini kwenye simenti. Mimi nikamwomba grefie, kijana mpole mwenye kazi nyingi, atazame tena kwa jina la babu, kisha kwa jina la ubatizo, kisha kwa R pahali pa L. Ndipo akalipata. Polisi alikuwa ameandika jina kama alivyolisikia kwa sikio lake, na kwa lugha ya kwao sauti hizo mbili ni moja. Ninyi mnaotafuta karatasi, andikeni majina yote ya mtu wenu kwa kila namna yanavyoweza kuandikwa. Kwa vitabu vya ubatizo tunafanya vilevile.

Hukumu ilikuwepo. Ilitolewa mwezi wa kumi wa mwaka uliotangulia. Miaka miwili, na amande. Miaka miwili! Kijana alisikia kwa Kifaransa, chumba kimejaa watu, na kati ya "deux" na "douze" alichukua lile alilokuwa analiogopa. Hakuna ndugu aliyekuwapo siku ile, wala avoka aliyemweleza nyuma. Na kwa kuwa karatasi ya hukumu haikufika gerezani, huko walimhesabu bado kama mtu anayengoja.

Sasa fikirini. Sheria ya azabu inasema siku zote mtu alizofungwa mbele ya hukumu kwa ajili ya kosa lile lile zinahesabiwa ndani ya kifungo chake. Kijana huyu aliingia mwezi wa tatu. Kifungo chake kitamalizika mwezi wa tatu, baada ya miezi minne tu. Lakini nani angemfungulia siku hiyo? Gereza halina hukumu. Mama hajui. Mwenyewe anahesabu miaka kumi bado. Angeweza kukaa humo, mtu aliyemaliza deni lake, kwa sababu ya karatasi moja iliyobaki juu ya meza.

Basi tukaandika barua. Nitasema namna ya barua hiyo, maana wengi wanafikiri inataka maneno makubwa. Iwe ya Kifaransa, nusu ukurasa, kwa grefie mkubwa wa tribinali. Andika jina la anayeomba na ujamaa wake na mfungwa. Jina la mfungwa. Namba ya RP, na ya RMP chini yake. Siku ya hukumu kama unaijua. Na ombi moja tu: nakala ya hukumu, yenye sahihi ya grefie na muhuri. Usieleze kwamba mtoto ni mwema, wala usimshitaki jirani. Grefie hahukumu mtu, anatunza karatasi. Peleka barua mbili zilizo sawa. Moja inabaki kwake, ya pili atie juu yake siku aliyoipokea, na sahihi yake. Hiyo ya pili usiipoteze. Ukirudi baada ya juma moja na mtu akasema hakuna barua iliyofika, utamwonyesha bila kugombana.

Juu ya feza nitasema wazi. Nakala inaweza kuwa na bei yake ya serkali, na kuilipa si zambi. Feza ya serkali ina alama yake: karatasi inayoandika kiasi, na resi yenye muhuri. Feza isiyotaka resi si ya serkali. Mtu akikuomba "ya bia" ao "ya usafiri wa dosie", mwombe kwa upole resi ya usafiri. Mara nyingi dosie inapata miguu bure. Nao walio maskini kabisa wajue kwamba sheria haikuwasahau: umaskini wao ukithibitishwa kwa karatasi ya wakubwa na kukubaliwa na mkubwa wa tribinali, wanaweza kupewa nakala bila kulipa mbele. Tribinali haitangazi jambo hili mlangoni. Inafaa kuliomba.

Nakala ya yule kijana ilichukua siku kumi na saba. Mtu akipata nakala mkononi, asianze kusoma kwa ukurasa wa kwanza. Atachoka na majina na tarehe. Aende karibu na mwisho, pahali palipoandikwa "par ces motifs", maana yake "kwa sababu hizo". Chini ya maneno hayo ndipo waamuzi wanapokata neno: kosa lipi limehakikishwa, kifungo gani, amande gani, gharama gani, na kama mtu asipolipa amande atakaa siku ngapi zaidi. Siku hizo za kukaa kwa ajili ya amande haziwezi kupita miezi 6. Kuna wafungwa waliomaliza kifungo na wamebaki kwa ajili ya amande ambayo ndugu zao wangeweza kuilipa kwa kuuza mbuzi mmoja, lakini hakuna aliyewaambia kiasi chake, maana hakuna aliyesoma ukurasa wa mwisho.

Pale pale unaangalia tarehe, na neno moja: kama hukumu ilitolewa mshitakiwa akiwapo ao bila yeye. Sheria ya mashitaka, ile ya tarehe 6 Agosti 1959, inampa mtu siku 10 za kukata rufaa. Akiwapo, zinahesabiwa toka siku hukumu iliposomwa. Kama hakuwapo, toka siku alipopewa habari yake kwa karatasi. Siku 10 si nyingi. Ndiyo sababu ninawasihi ndugu wa mshitakiwa wasikose siku ya hukumu, hata kama ni siku ya shamba, na wamuulize grefie asubuhi ile ile: RP ngapi, miaka mingapi, amande ngapi. Rufaa inatolewa kwa neno mbele ya grefie ao kwa barua; haingoji nakala. Nakala itafuata, lakini siku zikiisha, zimeisha.

Kwa kijana wetu siku zile zilikuwa zimepita zamani, na kusema kweli hakuwa na sababu ya kukata rufaa, cherehani aliiba. Hata hivyo nakala ilikuwa na faida nyingine. Sheria inaruhusu mfungwa aliyetimiza robo ya kifungo chake, kama amekaa zaidi ya miezi 3, kufunguliwa kwa masharti, na anayekubali ni Waziri wa Sheria. Robo ya miaka miwili ni miezi sita. Ilikuwa imepita tangu mwaka wa kwanza. Kama wangekuwa na nakala wakati ule, wangeweza kuliomba jambo hilo. Sasa miezi ilikuwa michache, na ombi kama hilo linasafiri mbali na polepole. Tukaona afazali kupeleka nakala parke na kuomba gereza lipewe karatasi ya hukumu, maana kazi ya kutimiza hukumu ni ya parke, si ya familia. Na wajomba wakachanga amande, wakalipa, wakapewa resi.

Siku niliyomsomea kijana ukurasa ule katika uwanja wa gereza, alinyamaza kwanza. Kisha akachukua karatasi, akaigeuza, akatafuta yeye mwenyewe neno "deux", akaweka kidole juu yake. Alitoka mwezi wa tatu, kwa siku yake.

Pengine mtu atasema: Kuna haja gani ya kila familia kutunza nakala, kama dosie iko salama kwa serkali? Lakini dosie ni moja. Ikipanda kwa rufaa inasafiri yenyewe, ndani ya gari ao ya boti. Inaloa, inapotea, inaliwa na mchwa. Na kuna mabaya kuliko mchwa. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2024, katika gereza kuu la Makala, Kinshasa, wafungwa walijaribu kutoroka. Serkali ilitangaza kwamba watu 129 walikufa. Ilitangaza tena kwamba moto uliunguza nyumba za ofisi, pamoja na grefe ya gereza. Kila mtu aliwalilia wafu, na ndiyo haki. Mimi niliwafikiri vilevile walio hai wa kesho yake, ambao karatasi zao zilikuwa humo. Aliyekuwa na nakala nyumbani kwa mama yake alikuwa na pahali pa kuanzia.

Na karatasi ya hukumu inaishi kuliko mtu. Simon Kimbangu alihukumiwa kufa na tribinali ya kijeshi kule Thysville, mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu, tarehe 3 Oktoba 1921. Mfalme wa Ubelgiji akageuza azabu hiyo kuwa kifungo cha maisha, na Kimbangu akafa mfungwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951. Sisi wakatoliki si wa kanisa lake. Lakini mwaka 2011 Korti Kuu ya Kijeshi ya inchi yetu iliirudia hukumu ile ya miaka tisini na kumrudishia jina lake. Hukumu ilikuwa na tarehe, ilikuwa na tribinali iliyojulikana, watu waliweza kuonyesha kidole: ni hii.

Neno moja juu ya matumizi mabaya, kisha nimalize. Mwaka jana baba mmoja aliniomba nimtafutie karatasi za tribinali za kijana anayemchumbia binti yake. Alisikia kwamba kijana alifungwa zamani kule kwao. Nilikataa. Nakala za hukumu tunaziomba kwa ajili ya mfungwa na kwa ruhusa yake, si kwa kupeleleza watu. Kuna karatasi nyingine kwa jambo kama hilo, ile inayoonyesha kama mtu alipata kuhukumiwa ao hapana, casier judiciaire. Waajiri wengi wanaidai. Hiyo mwenyewe anaiomba kwa jina lake. Nikamwambia yule baba: Tata, mwite kijana, mwambie wazi ulichosikia, naye akitaka akuletee karatasi yake. Alikuja. Alikuwa amefungwa miezi minane kwa ugomvi wa soko, akiwa na miaka 19. Ndoa yao itatangazwa kanisani Majilio haya.

Vilevile tusisome hukumu ya mtu mbele ya mlango wa kanisa, hata kama ilisomwa mbele ya watu wote tribinalini. Humo imeandikwa jina la aliyekosewa, pengine msichana aliyenajisiwa, na mambo yote aliyotendewa. Sisi nakala tunazifunga katika bahasha: moja kwa familia, moja kwa avoka kama yupo, na moja katika sanduku la kikundi, lenye kufuli, kwa nyumba ya mapadri. Juu ya bahasha tunaandika namba peke yake.

Leo sanduku hilo lina bahasha thelathini na nne. Kuna wafungwa wengine sita ambao tuna majina yao lakini hatujapata namba. Wawili kati yao walitoka kijiji kimoja, nao wana jina moja, na kitabu cha gereza kimewachanganya. Wale wa parokia yetu wenye ndugu gerezani waje Alhamisi baada ya Misa ya asubuhi, na karatasi yoyote waliyo nayo, hata kipande kilichopasuka, na majina yote ya mtu wao. Grefe inafungua saa mbili na nusu. Tutaondoka pamoja, kwa miguu.